Cheka Kabla ya Kaliua

Neno lake lilikuwa moja: kawaida. Alilipaza kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga uliotandazwa juani. "Kawaida! Nimesema muwe kawaida!" Na wale wawili waliosimama mbele ya kamera yake, ambao dakika chache kabla walikuwa watu wa kawaida kabisa, wanaotembea, wanaojikuna, wanaosahau walipoweka simu, walikakamaa kama nguo iliyoanikwa na sabuni yake.

Tulimwita Mpiga Picha, basi. Wapiga picha Tabora wapo wengi, lakini ukisema "nimemwona Mpiga Picha kule stesheni," hakuna aliyekuuliza yupi. Studio yake ilikuwa Mtendeni, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kibaraza ambapo baba yangu alishona nguo, hivyo nimemtazama tangu nikiwa na umri wa kukaa chini ya cherehani na kuokota vifungo. Nimemtazama kwa makini kuliko nilivyowatazama watu ninaowapenda. Dharau nayo inahitaji macho.

Juu ya mlango wa studio hiyo palikuwa na bango, na kwenye bango hilo dada yangu alikuwa akicheka. Kichwa amekirudisha nyuma, mdomo wazi, ushungi umeteleza kidogo, mkono mmoja tumboni. Chini yake maandishi mekundu: PICHA ZA UCHUMBA. CHEKA KAWAIDA. Mwanamume aliyesimama kando yake kwenye picha hiyo aliishi naye miaka minne, kisha dada yangu akarudi nyumbani na sanduku moja na cherehani ya mkono. Bango halikurudi popote. Kila asubuhi, akienda kufungua kibanda chake cha ushonaji, ilimbidi apite chini ya kicheko chake mwenyewe. Nilitaka bango lile lishuke. Yote ninayoyasema juu ya mtu huyu, nayasema nikiwa nimesimama chini yake.

Nianze na mavazi, kwa kuwa yeye alitaka watu waanzie hapo. Alivaa kizibao cha mifuko mingi, rangi ya vumbi, kama vile wanavyovaa watu wanaokwenda mbugani kutazama wanyama. Mifuko ilikuwa kumi na minne. Niliihesabu siku moja nikisubiri mvua ipite. Kwenye mmoja palikuwa na karanga. Kwenye mwingine palikuwa na kioo kidogo cha duara ambacho alijitazama kabla ya kumtazama mteja. Mingine yote ilikuwa mitupu, na kila asubuhi aliifunga vifungo mmoja baada ya mwingine, kama mlinzi anayefunga milango ya nyumba isiyokaa mtu.

Kisha baiskeli. Ee, ile baiskeli! Nyekundu, ina kikapu mbele, kikapu kina maua ya plastiki, na haina mnyororo. Mnyororo ulichafua magauni, akautoa. Nusu ya wachumba wa mji huu wameipanda, mwanamke mbele kwenye bomba, mwanamume nyuma ameshika usukani, vinywa wazi kama vile wanapigwa na upepo, na hawaendi popote. Rafiki wa bwana harusi mtarajiwa amekishika kiti kwa nyuma, nje ya picha, jasho linamtoka. Nikiingia sebuleni kwa watu na kuiona picha hiyo ukutani, namfikiria yule aliyeshika kiti. Ndiye pekee siku ile aliyefanya kazi ya kweli.

Kabla ya Mpiga Picha, picha ya uchumba Tabora ilikuwa jambo la viti viwili na pazia. Mliketi. Mliweka mikono magotini. Mlitazama mbele kama washtakiwa wanaosubiri hakimu arudi na hukumu. Picha ya wazazi wangu iko hivyo, na mimi naipenda, maana ndani yake mnaonekana watu wawili wenye hofu, na hofu ile ilikuwa ya haki. Mpiga Picha aliicheka. "Hawa walikwenda kuoana au kuzikana?" alimuuliza baba siku moja, ameishika ile picha kwa ncha za vidole. Siku hizi, alisema, watu hawataki kuonekana wameposana. Wanataka kuonekana wanacheza. Na yeye aliwachezesha. Aliwakimbiza kwenye njia ya vumbi iendayo Kwihara, ile ile ambayo misafara ya zamani iliichimba kwa nyayo, watu wamefungwa mizigo mabegani. Sasa walikimbia juu yake wachumba kama wanasesere wa kukodi, viatu mkononi, wakigeuka nyuma kwa amri yake: "Mwanamke geuka! Mwanamume mfikie, usimfikie! Kawaida!"

Aliwapakaza unga puani. Hilo alilipenda sana, kwa sababu unga huonekana vizuri kwenye jua la jioni. Nakumbuka binti mmoja kutoka kijiji kimoja cha Igunga, aliyeletwa mjini na mchumba wake kwa pikipiki, akapewa bakuli la sembe na kuambiwa amrushie mwenzake. Aliushika ule unga, akautazama, akaurudisha.

"Mimi unga sirushi," alisema.

"Ni mchezo tu, binti. Kawaida."

"Kwetu si kawaida."

"Kwenu mnarusha nini?"

"Mawe, mtu akirusha unga."

Mchumba wake alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote ambazo ningeweza kuziwaza, na Mpiga Picha hakuipiga, kwa kuwa alikuwa amekasirika na alikuwa akirudisha unga kwenye mfuko. Hapo ndipo nilipomjua. Alikuwa mwindaji wa furaha ambaye furaha ikimpita miguuni bila kuitwa, anaikanyaga.

Alikuwa na hila moja tu iliyostahili heshima, nami sitaki kumpa heshima hiyo, ila lazima niieleze, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mwanamke akishindwa kabisa kulegea, Mpiga Picha alimwita mwanamume pembeni na kumwambia: mnong'oneze vituo vya reli. Mwanamume angeinama kwenye sikio la mchumba wake, kwa upole wote wa dunia, na kuanza: Tabora... Usoke... Urambo... Kaliua... na kuendelea hivyo kuelekea Kigoma. Na kweli, wanawake walicheka. Mtu anayekupenda akikutajia Usoke kwa sauti ya mapenzi, utafanya nini? Wengi walicheka Urambo. Wenye subira walicheka Kaliua.

"Na asiyecheka kufika Kaliua?" baba alimuuliza. Walikuwa kibarazani wanakunywa kahawa, mimi napiga pasi.

"Kaliua njia inagawanyika, fundi. Treni moja Kigoma, moja Mpanda." Alirusha karanga mdomoni. "Asiyecheka kufika Kaliua, huyo abiria wa Mpanda. Mwenzake anakwenda Kigoma. Mimi nimewaona wengi. Wanaachana."

"Na unawaambia?"

"Mimi napiga picha, fundi. Kadhi yupo."

Baba alicheka, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu akijua jambo lazima aliseme, na sijautoka umri huo. Kumbe mtu huyu aliona! Alisimama mbele ya watu wawili wanaojiandaa kuharibiana maisha, akaliona hilo wazi kuliko wazazi wao, kuliko mshenga, kisha akawapandisha kwenye baiskeli isiyo na mnyororo.

Sasa utani. Mpiga Picha alisema yeye ni Mzaramo, na kila anayetujua anajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara, babu zetu walipofika pwani na mizigo na kukuta watu wa huko wakiwasubiri kwa maneno. Mtani anaruhusiwa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kukunyang'anya kofia, kula kwenye sahani yako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kwa mtu wa kazi kama yake, ruhusa hiyo ilikuwa mtaji.

"Ewe Mnyamwezi!" aliwapigia kelele mabwana. "Babu yako alibeba pembe ya ndovu mpaka Bagamoyo bila kununa! Wewe umepewa binti mwembamba kama mwanzi, unatetemeka miguu?"

"Na babu yako alikuwa kando ya njia," walimjibu, "anasubiri ile pembe ianguke aokote!"

Hapo wote wangecheka, naye angebonyeza.

Lakini nilimchunguza. Akija Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Akija mtu wa kabila jingine, alidodosa kwanza, "Ninyi watani wenu kina nani?" na baada ya muda, ajabu, mama yake alikuwa wa kabila hilo hilo. Siku moja alichelewa kudodosa. Alikuja kijana kutoka Kaliua, ameandamana na mjomba wake. Mpiga Picha akasikia Kaliua, akadhani Mnyamwezi, akaanza na babu na pembe na kutetemeka miguu. Yule kijana alikuwa Muha, si mtani wake. Ukoo wao ulihamia Kaliua kulima. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, bila neno, akaikunja ile stendi ya kamera yenye miguu mitatu, akaiweka begani na kuondoka nayo kuelekea stesheni. Mpiga Picha alimfuata mtaa mzima na kizibao chake, "Mzee wangu, samahani, mzee wangu, nilidhani mtani," na watu wa Mtendeni wamesimama milangoni wakipiga makofi. Nilifurahi siku nzima. Mpaka leo nikiwa na huzuni hulikumbuka lile bega la mjomba na miguu mitatu ya chuma ikichungulia angani.

Haki inanilazimu kutaja msiba wa babu yangu, ingawa ningependa kuuruka. Mpiga Picha alikuja bila kamera. Alivaa koti kuukuu kinyumenyume, ameazima fimbo, akaingia uani kwa mwendo wa babu, ule wa mguu wa kushoto kuuomba ruhusa wa kulia. Vilio vikakatika. Akamwendea shangazi yangu, aliyekuwa akilia kuliko watu wote.

"Wewe," alisema kwa sauti ya babu, "ulipoitwa kuja kuniogesha ulisema goti linauma. Leo umekimbia kutoka stendi. Nani amelitibu?"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Shangazi mwenyewe alicheka, machozi yanamtiririka, akampiga kwa khanga: "Nenda zako, mtani mchawi wewe!" Mimi niliona ni unyama. Nilimwambia bibi hivyo, nikiwa nimekaa naye ndani kwenye mkeka wa eda. Bibi alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mtani ana ruhusa," alisema. "Wengine tukiisema kweli hiyo, ukoo unavunjika. Akiisema yeye, mnacheka."

"Basi haisaidii kitu, bibi."

"Nani amesema inasaidia?"

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Mkewe, mwanamke mpole aliyekaa nyuma ya studio akikata picha za pasipoti, aliniambia kwamba yule bwana hachekeshi hata paka. Alikula kimya, akalala kimya. Wala hapakuwa na picha yake hata moja. Ukiinua simu kumlenga aligeuza uso kama umemmulika tochi. Mtu aliyewatoa meno watu wote wa mji, ya kwake hatukujua idadi.

Sasa siku ya dada yangu.

Nilikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kubeba viatu vya akiba na khanga ya kufutia vumbi. Mchumba wake alikuwa mnunuzi wa tumbaku, nyumba yake iko Goweko, mtu safi, mtu wa mashati yaliyonyooka, ambaye hata saa yake aliipangusa kwa kidole kabla ya kuisoma. Tulikuwa karibu na reli, alasiri, nyasi zimekauka rangi ya simba. Kukimbizana kulishindikana: mwanamume aliogopa vumbi. Baiskeli ilishindikana. Unga hakuutaka, na kwa hilo nilimpa sifa. Dada yangu alikuwa na tabasamu la mtu anayeombwa kitambulisho.

"Haya, shemeji," Mpiga Picha alisema. "Mnong'oneze vituo."

Yule bwana aliinama, akavitaja vyote kwa ufasaha, kama mtu anayesoma tangazo. Tabora, Usoke, Urambo, Kaliua. Nilimtazama dada. Hakuna. Usinge, Nguruka, Malagarasi. Hakuna. Uvinza, penye machimbo ya chumvi. Alivitaja mpaka Kigoma, akajinyoosha, akasema, "Reli imeisha. Sasa?"

Mpiga Picha aliishusha kamera kifuani. Kisha alimwendea dada yangu kana kwamba anakwenda kumwekea sawa ushungi, akauvuta kidogo huku na huku, akasema kitu karibu na sikio lake. Maneno machache. Akarudi nyuma hatua tatu, na dada yangu akacheka. Alicheka kile kicheko ambacho sisi nyumbani tulikijua, kile cha jikoni, cha kuangusha mwiko. Na kamera ikalia, ikalia, ikalia.

"Umemwambia nini?" mchumba aliuliza.

"Utani tu, shemeji. Mambo ya watani."

Ukilitazama bango vizuri utamwona yule mchumba. Mdomo unatabasamu kwa kamera, lakini macho yamekwisha kugeuka pembeni, yanauliza.

Na aliendelea kuuliza. Hilo dada yangu alinisimulia baada ya kurudi, kidogo kidogo, akishona. Akicheka na jirani ukutani: "Unanicheka mimi? Alikwambia nini yule?" Akicheka na simu: "Alikwambia nini?" Dada alijibu kwamba amesahau, ulikuwa utani. Mwanzoni mume aliuliza kwa mdomo. Baadaye hakuuliza kwa mdomo. Dada aliacha kucheka kama mtu anavyoacha chumvi kwa amri ya daktari, na siku moja, akiwa amekwenda dukani kununua uzi, akagundua kwamba muuza duka amemtania na yeye amegeuka nyuma kutazama kama kuna mtu amemwona. Alirudi nyumbani, akafunga sanduku.

Nami kwa miaka hiyo yote nililitafuta lile neno. Nilidhani ni tusi. Nilidhani amemtolea dada yangu jambo chafu la mwilini, la kitandani, lile wanalolitoa wanaume wenye ruhusa. Kwa tusi moja alipata picha ya bango, na dada yangu akalilipia neno hilo miaka minne.

Watoto wa mtaani walimpigia kelele akipita: "Dada wa ubaoni! Cheka kawaida!" Wateja wake hawakuwa na nafuu. Mmoja, amenyoosha mikono akipimwa kiuno, alimwambia mbele yangu: "Si wewe yule wa pale studio? Mbona huku huchekagi?" Dada aliandika kipimo kwenye daftari. Aliandika vibaya, gauni lile lilimbana yule mama, na nilishukuru.

Nilikwenda kwa Mpiga Picha mara ya kwanza kwa adabu. "Shikamoo. Naomba lile bango mlishushe."

"Marahaba. Ile ni kazi yangu bora."

"Ndoa ile imekufa."

"Picha haijafa."

Mara ya pili nilikwenda bila adabu. Alinisikiliza akifunga na kufungua kifungo cha mfuko mtupu. "Uso ni wa dada mtu," alisema, "si wa mdogo mtu. Aje mwenyewe." Mara ya tatu nilimkuta mkewe peke yake, akaniambia jambo nisilolitaka: kwamba kila jioni, kabla ya kufunga, mumewe hutoka, akasimama barabarani mikono nyuma, akalitazama lile bango.

"Anajisifu," nilisema.

"Labda," alijibu mkewe, akaendelea kukata picha za pasipoti.

Kiangazi kilichopita nilimwambia dada kwamba nimechoka, kwamba nitapanda na mkasi wa baba na kulipasua mchana watu wakiona. Tulikuwa tunachambua mchele. Alisukuma mawe pembeni kwa kidole.

"Nitakwenda mwenyewe kesho," alisema. "Wewe usije."

Nilikwenda.

Studio ilikuwa imechakaa. Wachumba siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu. Wanacheka bila kuamriwa, au wanaamriana. Baiskeli nyekundu iliegemea ukutani, gurudumu la mbele halina upepo, maua ya plastiki yamekuwa rangi ya chai. Mpiga Picha alikaa kwenye stuli mlangoni, chini ya bango, kamera imening'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe aliyebaki peke yake zizini. Alipomwona dada yangu alisimama. Hilo sikulitegemea.

"Shikamoo, mtani," dada alisema.

"Marahaba, Mnyamwezi. Umekuja bila mzigo leo?"

"Mzigo uko juu hapo. Nimekuja kuushusha."

Hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na ngazi, akapanda polepole, mifuko yake kumi na minne ikipepea. Misumari ilikuwa imeshika kutu. Alipokuwa juu, ametugeuzia mgongo, alimuuliza dada:

"Ulishukia wapi?"

Sikuelewa. Dada yangu alielewa.

"Uvinza," alisema.

Nyundo ilisimama. "Mbali."

"Mbali. Chumvi yote ya Uvinza nimeilamba, mtani."

Na pale juu ya ngazi mtu yule alicheka. Kilimtoka bila yeye kukiita, kicheko kibaya, cha kukwama, cha mtu asiyejua kukibeba; meno mawili hayapo, mkono ukakimbilia mdomo, nyundo ikaanguka karibu na mguu wangu. Kisha kikakatika, akabaki ameushika ukuta.

"Alikwambia nini siku ile?" nilimuuliza dada. Nilikuwa nauliza kwa sauti ya mume wake, nikaisikia.

Dada hakunitazama. "Aliniambia: 'Binti, Kaliua imepita. Bado unaweza kushuka.'"

"Ukacheka?"

"Mtani, mdogo wangu. Mtani akisema, unafanya nini?"

Basi alisema. Kwa miaka yote nilimdharau kwa kunyamaza, kumbe hakunyamaza. Dharau yangu iliyumba, nami sikutaka ianguke, nikaishika. Nilisogea mpaka chini ya ngazi.

"Kwa nini hukumwambia wazi?"

"Wazi?" Alikuwa anashuka, bango mkononi. "Mimi baba yake? Mimi shehe? Mimi mtani."

"Basi kwa nini ulipiga? Umemwonya mtu, amedhani unamtania, badala ya kumwambia tena unabonyeza kamera?"

Alifika chini. Alilisimamisha bango ardhini, akalipangusa vumbi kwa kiganja, usoni kwa dada yangu, taratibu.

"Alicheka vizuri," alisema.

Aliiona kweli, akaisema kwa lugha pekee ambayo haiwezi kuaminiwa, na ilipozaa kicheko akakivuna.

Ukutani palibaki mraba mweupe, rangi ya zamani ya nyumba. Dada yangu alikunja khanga kuwa kata, akaiweka kichwani, na kabla sijamsaidia akalinyanyua lile bango na fremu yake ya mbao, akalitwika, picha ikitazama angani. Akaanza kwenda. Mtaa ulikuwa umejaa jua la alasiri, jua la shaba, lile ambalo wapiga picha hulisubiri kutwa nzima.

"Tazameni!" Mpiga Picha alipaza sauti nyuma yake. "Mnyamwezi na mzigo wake! Bagamoyo bado mbali!"

Dada yangu hakugeuka. Mkono mmoja ulishika fremu, mwingine ukaenda tumboni, mabega yakatikisika, na kile kicheko cha jikoni kikatoka, kikagonga kuta za Mtendeni pande zote mbili.

Nilimgeukia yule mtu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kupanda kifuani, umeishika kamera, kidole kiko mahali pake. Nilimkazia macho. Alisimama hivyo mpaka dada yangu akafika kona, kisha akaiachia kamera ikaning'inia. Sijui kama aliona haya. Yawezekana aliona tu kwamba anamtazama kwa nyuma, na uso hauonekani.